Mlinzi wa mitambo anaponyamaza: Chanzo na tiba

KIMYA kingi kina mshindo mkuu, walinena wahenga. Kwa mafundi wanaosimamia seva za benki, hospitali na vyuo vikuu, usemi huo ni onyo la kila siku.

Programu za uangalizi, mathalan Nagios na Prometheus, hubuniwa ili kumwarifu fundi pindi mtambo unapokwama, diski inapojaa au tovuti inapokosa kufunguka. Je, programu yenyewe ikizimika, ni nani atakayemwarifu?

Mnamo Agosti 14, 2003, swali hilo lilijibiwa kwa njia chungu. Saa nane na dakika 14 mchana, mfumo wa kengele katika chumba cha kudhibiti umeme cha kampuni ya FirstEnergy, jimbo la Ohio nchini Marekani, ulikwama kutokana na hitilafu ya programu. Wahudumu hawakujua. Waliamini mambo ni shwari ilhali nyaya kuu zilikuwa zikizimika moja baada ya nyingine.

Awali siku hiyo, katika shirika la MISO lililosimamia gridi ya eneo hilo, fundi alizima mpangilio ulioiwezesha programu ya kukadiria hali ya gridi kujiendesha kila baada ya dakika tano. Alinuia kurekebisha kasoro, akasahau kuuwasha tena. Ilipofika saa kumi na dakika 13 alasiri, takriban watu milioni 50 nchini Marekani na Canada walikuwa wamepoteza umeme.

Mara nyingi chanzo cha kimya cha aina hii ni faili ya mipangilio, yaani maandishi yanayoieleza programu ichunguze nini, lini, na imwarifu nani. Mabano moja yakisahauliwa, Nagios hukataa kuanza. Prometheus nayo, ikiagizwa kusoma upya faili yenye kosa, huendelea kutumia mipangilio ya zamani. Fundi hudhani seva mpya inalindwa, kumbe sivyo. Kosa hilo hulala hadi siku mtambo utakapozimwa na kuwashwa. Hapo programu hukataa kuanza kabisa.

Yapo makosa yaliyofichika zaidi. Nagios inapoelekezwa kusoma kabrasha zima, husoma tu faili ambazo majina yake yanaishia kwa .cfg. Ukiita faili yako kwa mwisho mwingine, itarukwa bila lalama yoyote. Kwa upande wa Prometheus, nafasi mwanzoni mwa mstari zina maana. Kuzipanga vibaya huharibu kila kitu.

Fundi afanyeje basi? Kwanza, ahakikishe kwamba programu inaendesha shughuli zake kweli, wala asitegemee rangi ya kijani kwenye skrini. Atazame saa ya uchunguzi wa mwisho; ikiwa ni ya jana, pana tatizo.

Pili, aikague faili kabla ya kuiwasha programu. Amri ya nagios -v, ikifuatwa na mahali ilipo faili kuu, hutaja mstari wenye kosa. Kwa Prometheus, amri ni promtool check config. Makosa yakiwa mengi, aanze na la kwanza, kwani aghalabu hilo ndilo huzaa mengine.

Tatu, asome kumbukumbu za mfumo na kukagua idhini za faili. Faili sahihi isiyoweza kusomwa na programu ni sawa na faili isiyokuwepo.

Nne, azime huduma moja isiyo muhimu kwa makusudi, aone iwapo ujumbe utamfikia.

Hatimaye, mlinzi naye anahitaji mlinzi. Programu ya uangalizi iagizwe kutuma ishara kila baada ya dakika chache kwa mtambo mwingine ulio mbali nayo. Ishara ikikosa kufika, mtambo huo ndio utakaopiga kengele. Fauka ya hayo, nakala ya mipangilio ya awali ihifadhiwe kabla ya badiliko lolote, ili fundi apate pa kurejea mambo yakienda mrama.