Kutoka Leja hadi Laini Nyembamba: Teknolojia, Viwango na Lugha katika Huduma za Fedha Eneo la Mlima Kenya

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Mkulima wa kahawa wa Othaya au mchuuzi wa soko la Karatina anapoipeleka akiba yake benki huwa anaamini mambo mawili: kwamba kibaba hakitavuja, na kwamba siku atakapokidai atakipata. Je, ni nani anayemhakikishia hayo pindi kibaba kinapogeuka kuwa tarakimu ndani ya kompyuta?

Makala haya yananuia kueleza namna kampuni ya huduma za fedha inavyosimamia teknolojia mpya, viwango na ubunifu. Mfano mkuu ni Equity, asasi iliyozaliwa katika eneo hili la Mlima Kenya. Huenda msomaji akajiuliza mwanafunzi wa fasihi anatafuta nini katika shughuli za benki. Jibu litadhihirika tutakapofikia suala la lugha, kwani hapo ndipo mfumo mzima unapokutana na mwananchi.

Safari iliyoanzia Kangema

Equity ilianzishwa mwaka 1984 huko Kangema, wilayani Murang'a wakati huo, ikiwa shirika dogo la kukopeshea watu fedha za ujenzi. Kufikia mwaka 1993 Benki Kuu ya Kenya ilikuwa imeitaja kuwa shirika lililofilisika: zaidi ya nusu ya mikopo yake haikuwa ikilipwa ipasavyo. Chini ya mwanzilishi wake Peter Munga, na James Mwangi aliyejiunga nalo katika kipindi hicho, shirika liliacha kutegemea mikopo ya nyumba, likawageukia wakulima na wafanyabiashara wadogo.

Jambo linalostahili kuzingatiwa ni mfuatano wa matukio. Kompyuta hazikuja kwanza. Shirika lilifanya kazi kwa leja na vijitabu vya akiba hadi mwaka 2000, ndipo likaingia katika mfumo wa kompyuta. Katika mfumo wa leja, karani huitafuta kadi ya mteja, huandika kwa mkono, kisha mwenzake huhakiki. Wateja wakiongezeka, foleni nayo hurefuka. Aidha, kadi ikiwa katika tawi moja, mteja hawezi kuhudumiwa kwa wepesi katika tawi jingine. Kwa hiyo kompyuta ilikuja kutatua tatizo ambalo tayari lilikuwa limejitokeza, wala haikununuliwa kwa ajili ya fahari. Baadaye, mwezi Desemba 2004, shirika lilipata leseni ya kuwa benki kamili, na mnamo Agosti 2006 hisa zake zikaingia katika Soko la Hisa la Nairobi. Yamkini hili ndilo funzo la kwanza la usimamizi wa teknolojia: tambua haja kabla ya kutafuta mashine.

Kiwango ni nini?

Neno kiwango lina maana zaidi ya moja. Twasema kiwango cha mvua tukimaanisha kadiri yake, na twasema kiwango cha ubora tukimaanisha kanuni iliyokubaliwa ambayo kila mhusika hana budi kuifuata. Katika makala haya tunaikusudia maana hii ya pili.

Mwanafunzi wa ushairi hahitaji maelezo marefu kuielewa dhana hii. Mshororo ukipungukiwa na mizani, sikio lililozoea hung'amua papo hapo. Kadi ya benki nayo ina mizani yake. Tarakimu ya mwisho ya nambari ya kadi huhesabiwa kutokana na zile zilizoitangulia. Mtu akikosea tarakimu moja tu, hesabu haikubali na mashine hukataa. Hali kadhalika, kadi za zamani zilitegemea utepe wa sumaku, ambao mwizi aliweza kuunakili. Chipu iliyochukua nafasi ya utepe huo hutoa alama mpya kwa kila malipo, hivyo kwamba alama iliyoibwa jana haifai kitu leo. Kwa sababu benki zote hufuata kanuni hizi, kadi iliyotolewa Nyeri husomwa na mashine ya Mombasa au ya London.

Zipo pia kanuni zinazomhusu binadamu. Afisa anayeandika malipo hafai kuwa ndiye anayeyaidhinisha. Programu mpya hujaribiwa na watu wachache kabla ya kufunguliwa umma, na nakala za kumbukumbu huhifadhiwa mahali pengine. Mwaka 2017 Benki Kuu ya Kenya ilitoa mwongozo wa usalama wa mitandao unaowawajibisha wakurugenzi wa benki wenyewe, wala si mafundi pekee.

Mzozo wa laini nyembamba

Mvutano kati ya ubunifu na viwango ulijitokeza waziwazi mwaka 2014. Kampuni tanzu ya Equity ilipata leseni ya kutoa huduma za simu kwa kutumia mtandao wa Airtel, na ikaamua kutumia laini nyembamba kama karatasi, inayobandikwa juu ya laini ambayo mteja tayari anayo. Ubunifu huo ulimwondolea mteja haja ya kununua simu ya pili.

Kampuni ya Safaricom, yenye huduma ya M-Pesa iliyozinduliwa mwaka 2007, ilipinga. Hoja yake ilikuwa kwamba kinachokaa kati ya simu na laini huenda kikazinasa siri zinazopita hapo, ikiwemo nambari ya siri ya mteja. Waliounga mkono laini hiyo waliona kwamba pingamizi lilitokana na hofu ya ushindani. Mnamo Septemba 2014 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliruhusu laini hiyo kwa majaribio ya mwaka mmoja, na mwaka 2015 huduma ya Equitel ikazinduliwa rasmi. Uamuzi huo haukuukumbatia ubunifu kwa pupa, wala haukuuzima kwa woga. Uliupa muda maalumu wa kupimwa.

Lugha kama sehemu ya kiwango

Hebu tumfikirie ajuza wa Mukurwe-ini ambaye hupokea malipo ya majani chai kwa simu. Kadi yake ina chipu na ujumbe wake husafiri ukiwa umefumbwa kwa hesabu zisizofumbulika kwa urahisi. Hata hivyo, kwa kuwa haelewi maelezo yaliyo mbele yake, humkabidhi mjukuu au wakala simu pamoja na nambari ya siri. Hapo gharama yote ya ulinzi hubatilika. Kinga imevunjwa na neno lisiloeleweka, si na mdukuzi.

Ni kweli kwamba menyu ya M-Pesa hupatikana kwa Kiswahili. Lakini masharti marefu ya mikopo mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, ilhali majina ya huduma ni ya Kiswahili kitamu. M-Shwari, iliyoanza mwaka 2012, inaahidi utulivu. Fuliza, iliyoanza mwaka 2019, inatokana na kitenzi chenye maana ya kufanya jambo mfululizo bila kukoma. Jina hilo linamwambia mtumiaji aendelee. Halimwambii kwamba anakopa, wala kwamba ada huongezeka kadiri deni linavyokaa. Kiswahili kimetumiwa kumwalika mteja, Kiingereza kikaachiwa kazi ya kumwonya.

Hitimisho

Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo inataka idhini ya mtu iwe ya hiari na yenye ufahamu. Idhini iliyotolewa kwa lugha isiyoeleweka ina ufahamu gani?

Tunapendekeza, basi, kwamba kampuni za fedha ziyajaribu maneno yao kama zinavyozijaribu programu zao: ziwape watumiaji wachache wa Nyeri, Kerugoya au Nanyuki, ziwaulize wameelewa nini, kisha zirekebishe. Wajibu wetu sisi wanafunzi wa Kiswahili ni kuzipa istilahi zinazoita deni deni. Mizani ya mshairi hulindwa na sikio la msikilizaji. Akiba ya mkulima nayo hulindwa kwanza na ufahamu wake mwenyewe.