Afya: 10/10 kwa munganga wa macho haimaanishi jicho ni zima

Wakaaji wengi wa mashariki mwa Kongo wanaoenda kupimwa macho wanarudi nyumbani na karatasi yenye namba tu: OD 10/10, OG 5/10, -2,00, Add +2,00. Swali lao mara nyingi ni moja: nivae lineti ao hapana? Lakini karatasi hiyo inasema mengi zaidi, na kuna jambo kubwa ambalo haisemi.

OD ni jicho la kuume, OG ni jicho la kushoto, kufuatana na Kifaransa. Kila jicho linapimwa peke yake, lingine likifunikwa, kwa sababu jicho zuri linaweza kuficha ubaya wa lingine kwa miaka mingi.

Namba ya juu ya kumi inatoka kwenye kibao cha herufi. Kibao cha mfumo huo kilitengenezwa na munganga Mfaransa Ferdinand Monoyer, na kinasomwa kutoka mita 5. Mtoto mdogo ao mtu asiyejua kusoma anaonyeshwa herufi E iliyogeuzwa, naye anaonyesha kwa mkono upande ambao miguu yake inaelekea.

5/10 haimaanishi kwamba nusu ya jicho imekufa. Maana yake ni kwamba jicho linahitaji herufi kubwa mara mbili: kile ambacho jicho la 10/10 linasoma kwa mita 10, lenyewe linakisoma kwa mita 5. Mwanafunzi wa namna hiyo akiketi nyuma darasani, anaweza kuitwa mvivu, kumbe haoni ubao.

Namba zenye alama ya kutoa ao kujumlisha ni jambo lingine. Hizo ni dioptri, yaani nguvu ya kioo cha lineti. Alama ya kutoa ni kwa mtu asiyeona vizuri mbali. Add ni nguvu inayoongezwa kwa kusoma karibu, na watu wengi wanaanza kuihitaji baada ya miaka 40.

Basi mtu mwenye -2,00 anaweza kufika 10/10 akivaa lineti zake. Mwingine anabaki 4/10 hata akibadilishiwa vioo namna gani. Ili kutofautisha, munganga anaweza kumwambia atazame kupitia kitundu kidogo. Namba ikipanda, kuna tumaini kwamba lineti zitasaidia. Isipopanda, shida inaweza kuwa ndani ya jicho lenyewe, na lineti za kununua sokoni hazitaiponya.

Hatari kubwa iko kwa yule aliyepewa 10/10 na kwenda zake bila wasiwasi. Namba hiyo inapima tu kile jicho linaona mbele, katikati. Ugonjwa wa glakoma, kwa kawaida, unaanza kula pembeni, polepole na bila maumivu. Mgonjwa anaweza kusoma mstari wa mwisho wa kibao na huku tayari haoni pikipiki inayokuja kando. Kile ambacho glakoma imekula hakirudi, lakini matibabu yanaweza kulinda kinachobaki.

Ndiyo maana kuna namba nyingine ya kuuliza: tansio ya jicho. Kwa kawaida iko kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Hata hivyo, tansio nzuri peke yake haitoshi, maana glakoma inaweza kuwapo hata hapo. Ni lazima munganga atazame pia mshipa wa fahamu ulio nyuma ya jicho. Aliyepita miaka 40, ao mwenye mzazi, kaka ao dada aliye na glakoma, asikubali kuondoka bila kufanyiwa vipimo hivyo viwili.

Na karatasi isitupwe. Namba za leo zikiwekwa kando ya zile za mwaka ujao, ndipo munganga ataona kama jicho limesimama ao linashuka.