Mama Apewe Kazi, Apewe na Kitanda

Anayeuguliwa na mtoto mchanga hospitalini hupewa maneno mengi. Pole, jikaze, Mungu ni mwema, wapo waliozaliwa wadogo kuliko huyo na leo wanasoma. Maneno hayo hayana ubaya, na mengine hutuliza kweli. Lakini mzazi aliyeketi kwenye benchi nje ya wodi ya watoto wachanga, akingoja saa ya kuruhusiwa kuingia, anateswa na jambo ambalo pole haiwezi kulifikia: mtoto ni wake, na hana la kumfanyia. Wengine wanampima, wanamlisha, wanambadilisha nepi. Yeye anachungulia tu. Nadhani hapo ndipo tunapokosea tunapozungumzia namna ya kuwasaidia wazazi hawa. Tunawatafutia faraja ilhali wanachokosa ni kazi. Mzazi akipewa sehemu yake halisi katika matibabu, huihimili vizuri zaidi miezi au wiki za kulazwa, na ushahidi uliopo unaonyesha kwamba mtoto naye hufaidika.

Desturi ya kumweka mzazi nje si ya kale kama inavyodhaniwa, na haikutoka kwetu. Mpaka katikati ya karne iliyopita, hospitali nyingi za Uingereza ziliwaruhusu wazazi kuwaona watoto wao kwa muda mfupi tu, kwa hoja kwamba mtoto alikuwa ametulia mpaka mama alipokuja na kuondoka, ndipo akaanza kulia. Mwaka 1952 mtafiti James Robertson alionyesha filamu ya mtoto wa miaka 2 aliyelazwa peke yake, na madaktari wengi walioitazama walikasirika: waliona wametukanwa. Mwaka 1959 kamati iliyoongozwa na Sir Harry Platt ikapendekeza wazazi waruhusiwe kuingia bila kubanwa na saa, na akina mama wa watoto wadogo walazwe pamoja nao. Wodi za watoto wakubwa zilibadilika polepole. Wodi za wachanga zilichelewa zaidi, kwa sababu ya mashine na hofu ya maambukizi.

Mabadiliko makubwa ya wodi za wachanga yalianzia kwenye upungufu. Mwaka 1978, mjini Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine za joto, akaanza kuwafunga watoto hao vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Mwaka uliofuata, mjini Tallinn, Estonia, daktari Adik Levin hakuwa na wauguzi wa kutosha, akawakabidhi akina mama uangalizi wa watoto wao usiku na mchana, wauguzi wakabaki na sindano na dawa. Hakuna kati yao aliyeanza kwa kutaka kumfariji mama. Kila mmoja alikuwa anaziba pengo, na pengo lilipozibwa wakaona watoto wanaendelea vizuri.

Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba njia hiyo ya kumfunga mtoto kifuani, iitwayo kangaruu, ni ya watoto waliokwishatengemaa; aliye mahututi abaki kwenye mashine kwanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliitikisa imani hiyo, na sehemu yake ilifanyika Muhimbili, Dar es Salaam, pamoja na hospitali za Ghana, Malawi, Nigeria na India. Watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilianza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, hata kabla ya kutengemaa. Jingine lilifuata utaratibu wa kawaida. Katika siku 28 za mwanzo, vifo vilikuwa asilimia 12 katika kundi la kwanza na asilimia 15.7 katika la pili. Tofauti ilikuwa dhahiri kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa mapema, kwani haikuwa haki kuendelea kuwanyima watoto wa kundi la pili huduma hiyo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kangaruu ianze mapema iwezekanavyo, kwa saa 8 hadi 24 kwa siku.

Je, mzazi mwenyewe? Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2018, ulihusisha wodi 26 za Kanada, Australia na New Zealand. Wazazi walikaa wodini angalau saa 6 kwa siku, wakafundishwa kulisha, kubadilisha, kuandika maendeleo ya mtoto na kumweleza daktari hali yake anapopita. Watoto wao waliongezeka uzito vizuri zaidi kuliko wa wodi nyingine, na wazazi wenyewe walikuwa na wasiwasi na msongo mdogo zaidi. Matokeo haya ya pili ndiyo ninayoyaegemea. Waliofundishwa walikuwa wakiona kila kitu kwa karibu, pamoja na mabaya yote, na bado walitulia kuliko waliokaa mbali.

Kazi yenyewe ni ya vitu vidogo. Mama anakamua maziwa mara 8 au zaidi kwa siku, usiku ukiwemo, kwa sababu titi lisilokamuliwa hupunguza maziwa. Dang'a ya siku ya kwanza huwa matone tu, nayo matone hayo yana kinga ambayo haiuzwi dukani. Mtoto asiyeweza kunyonya hulishwa kwa mpira mwembamba uliopitishwa puani au mdomoni mpaka tumboni. Muuguzi akishahakikisha umekaa mahali pake, maziwa humiminwa kwenye bomba la sindano lililotolewa kisukumio, likainuliwa kidogo, yakashuka yenyewe taratibu. Mama aliyeelekezwa anaweza kulishika bomba hilo. Kisha mtoto anawekwa kifuani, amevaa nepi, kofia na soksi tu, wima katikati ya matiti, uso umegeuzwa pembeni ili njia ya hewa isibanwe, na khanga inafungwa kwa nguvu ya kutosha hata mama akisimama mtoto asiteleze. Joto, mapigo ya moyo na pumzi yake hutulia. Mama naye hujifunza kutambua pumzi inayositasita au midomo inayogeuka rangi, na kumwita muuguzi bila kuchelewa.

Kazi hii humpa mzazi pia haki ya kuuliza. Chukua mizani ya asubuhi. Mtoto aliyekuwa na gramu 1,400 leo ana 1,340, na mama anakaa siku nzima akiamini mtoto anayeyuka. Hajaambiwa kwamba watoto wachanga karibu wote hupungua siku za mwanzo, pengine kwa sehemu ya kumi ya uzito wao, kisha huurudia katika muda wa wiki mbili hivi. Sentensi moja ya muuguzi ingemwokolea machozi ya siku nzima.

Watapinga wengine kwamba wazazi wataleta maambukizi. Hofu hii ina mantiki, na kunawa mikono mpaka kwenye viwiko si jambo la hiari. Lakini katika utafiti ule wa nchi tano, watoto waliokaa na mama zao ndio waliodhaniwa kuwa na maambukizi ya damu kwa kiwango kidogo zaidi: asilimia 22.9 dhidi ya 27.8. Mtoto anayeshikwa zaidi na mama yake hushikwa kidogo na mikono iliyotoka kwa mtoto mwingine.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba hii ni njia ya kumtwika mama aliyejifungua juzi, pengine kwa upasuaji, mzigo wa serikali isiyoajiri wauguzi. Kwa viwango vya Uingereza, muuguzi mmoja huhudumia mtoto mmoja aliye mahututi, au watoto wanne wenye hali nafuu zaidi. Kwetu wodi nyingi haziukaribii uwiano huo. Nakubali hatari hiyo ipo. Mama anayelala sakafuni au kwenye kiti cha plastiki, kisha akaamshwa kila saa tatu kwenda kukamua, hajashirikishwa, ametumikishwa. Ila tuangalie jinsi hospitali za utafiti ule wa nchi tano zilivyofanya: mama aliwekewa kitanda ndani ya wodi ya mtoto wake, na yeye mwenyewe akatibiwa hapo hapo. Ushiriki wa mzazi haumpunguzi muuguzi. Unamhitaji zaidi, maana sasa ana kazi ya kufundisha.

Na mtoto akifa? Kama mikono ya mama ni tiba, je, hatajilaumu? Atajilaumu kwa vyovyote. Hata waliokaa kwenye benchi hujilaumu, tena kwa kutokuwepo. Wapo watoto ambao tiba zote za dunia haziwaokoi, na daktari anapaswa kulisema hilo waziwazi na mapema. Aliyembeba mwanawe kwa siku alizojaliwa amemjua.

Yote haya yanahitaji watu nyuma ya mama. Kangaruu haichagui kifua. Baba anaweza kubeba, bibi anaweza kubeba, mama akapata kuoga na kulala. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 ilitoa siku 84 kwa mama na 3 kwa baba, na mtoto wa wiki 28 za mimba anaweza kuzimaliza nyingi za mama akiwa bado wodini. Mabadiliko ya mwaka 2025 yaliwaongezea likizo wazazi wa watoto njiti, na ni hatua njema, ila mama ntilie na mkulima hawana mwajiri wa kumwomba likizo. Hao wanategemea ndugu. Kwa hiyo unayekwenda kumpa pole mzazi wa namna hii, mpelekee uji mzito, ondoka na nguo chafu ukafue, walaze kwako watoto aliowaacha nyumbani. Na unayepanga bajeti ya hospitali, kabla hujaagiza mashine nyingine ya joto, hesabu kwanza vitanda vya akina mama vilivyomo ndani ya wodi hiyo.