Sura ya Sita: Meneja Anapohamia Zizini

Mtwara haikosi mstaafu wa benki mwenye mpango wa ng'ombe. Aliajiriwa wakati NBC ni moja na ni ya Serikali, akaishuhudia ikigawanywa mwaka 1997 na NMB ikizaliwa, akamalizia utumishi wake kwenye malipo ya korosho, kila msimu akihangaika na orodha za wakulima wa vyama vya msingi. Sasa ametimiza miaka 60, mkupuo umeingia, ana ekari zake upande wa Nanguruwe au kwenye njia ya kwenda Kilambo. Mtaani bado anaitwa Meneja.

Kabla hajanunua hata mtamba mmoja, ataambiwa kwamba pwani ya kusini haifai kwa ng'ombe. Si kweli. Serikali ina shamba la kuzalisha mitamba Nangaramo, Nanyumbu, katika mkoa huuhuu. TALIRI ina kituo chake cha utafiti wa mifugo Naliendele, nje kidogo ya mji. Wafugaji walioondolewa Ihefu mwaka 2006 na 2007 waliteremka kusini na makundi yao, wengi wakaishia Lindi, na ng'ombe wapo mpaka leo. Majani yapo na mvua ya Desemba hadi Aprili inayaotesha. Kilichowafanya wazee wa huku wafuge mbuzi na kuku ni mbung'o na kupe.

Kijana mwenye kompyuta naye atamletea hesabu ya lita 30 kwa siku kwa kila ng'ombe wa kisasa, faida mezani mwaka wa pili. Hesabu hiyo imejengwa juu ya ng'ombe anayekula pumba bora, asiyeugua na asiyesikia joto la Februari la Mtwara. Meneja aliyekataa maombi ya mikopo maisha yake yote aikatae na hii.

Nilikusudia sura hii ianze na malisho, iende kwenye maji, ndipo ifike kwenye magonjwa. Lakini kuna kisa cha Mikindani ambacho siwezi kukiruka, na nikishakianza malisho itabidi yasubiri sura ijayo.

Machi 1866 David Livingstone alifika kwenye mlango wa Ruvuma akitokea Unguja, akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa kutoka India, nyumbu na punda. Mikoko ilimzuia kuwashusha, akageuka hadi ghuba ya Mikindani. Alitaka kujua kama wanyama hao wangehimili mbung'o, maana walioweza kuhimili wangebeba mizigo bara bila wapagazi. Mbung'o waliwauma kweli. Lakini askari wa Kihindi aliokuja nao waliwabebesha kupita kiasi na kuwapiga, na Livingstone mwenyewe alilalamika juu ya ukatili huo katika shajara yake. Wengi walikufa njiani. Je, waliuawa na nzi, fimbo, mizigo au uchovu? Jaribio likaharibika, kwa sababu mambo manne yaliwapata wanyama walewale kwa wakati mmoja. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1895, David Bruce alipokuwa Zululand, ndipo vijidudu vya nagana, ugonjwa wa mbung'o, vilipoonekana ndani ya damu na kuhusishwa na nzi huyo.

Meneja wetu hulirudia jaribio lile bila kujua. Ananunua mitamba chotara huko nyanda za juu, kwenye banda ambalo halijui kupe. Inasafirishwa kwa lori, inafika imekonda, inalishwa majani mageni, joto linaiandama. Siku ya kwanza majirani na jamaa wanakuja kuitazama na kumpongeza. Wiki ya tatu mtamba mmoja anagoma kula, wiki ya nne wamekufa watatu. Mambo mengi yametokea pamoja, na jibu linalokimbiliwa ni husuda: fulani alisimama pale langoni akawatazama sana. Mganga anaitwa, pesa inatoka, na jirani aliyekuja kwa moyo mweupe hasalimiwi tena. Upuuzi huu unanikera kuliko wote, kwa sababu unaua ng'ombe na unaua ujirani, na chanzo chenyewe kinaonekana kwa macho ukilishika sikio la mtamba na kulikunjua.

Ndani ya sikio kuna kupe wa kahawia. Anaweza kubeba kijidudu cha ndigana kali, lakini kijidudu hicho hakiwi tayari mara tu kupe anapojishikiza. Kinahitaji kama siku tatu au nne za kupe kunyonya damu ndipo kikomae kwenye tezi za mate na kuingia kwa ng'ombe. Humo kinazivamia chembe nyeupe za damu na kuzifanya zizaane bila kipimo. Kwa siku nane hadi ishirini na kitu hutaona kitu. Kisha tezi iliyo chini ya sikio inavimba hadi ijaze kiganja, homa inapanda, pumzi inakuwa ya shida, povu linatoka puani. Dawa ipo na inafanya kazi ikiwahi. Povu likishatoka umechelewa. Hesabu siku hizo kuanzia lori lilipofika na utaona kwa nini vifo huja baada ya wageni kuondoka.

Siku zile tatu au nne ndizo zinazopanga ratiba ya kuogesha. Anayeogesha kila baada ya wiki mbili ili ng'ombe wapendeze, amewaachia kupe muda wa kutosha kumaliza kazi. Kupe wakiwa wengi, ogesha mara mbili kwa wiki. Chanjo ya ndigana kali nayo ipo: ng'ombe anapewa vijidudu hai pamoja na sindano ya oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu, anaugua kidogo au haugui kabisa, anapata kinga ya miaka. Mitamba ichanjwe huko huko inakonunuliwa, mwezi mmoja na zaidi kabla ya safari. Kuchanja baada ya vifo viwili ni kuchelewa.

Chanjo haiondoi haja ya josho, kwa kuwa haizuii ndigana baridi wala magonjwa mengine ya kupe. Na hapa uzio wa Meneja haumsaidii. Kupe hudondoka ardhini kila hatua ya maisha yake, na ng'ombe wa jirani wasiooga wanapita njia moja na wake kwenda majini. Josho la kijiji likifa, naye anaumia.

Majosho mengi hufa kwa kukosa daftari. Kila ng'ombe anayetoka majini anaondoka na dawa kwenye manyoya, na mvua inazidi kuipunguza nguvu iliyobaki. Kiasi cha dawa ya kuongeza hukokotolewa kutokana na idadi ya ng'ombe walioogeshwa na kina cha maji kilichopimwa kwa kijiti. Pasipo idadi iliyoandikwa, msimamizi anakisia; dawa ikizidi inadhuru ng'ombe, ikipungua kupe wanaizoea. Vishilingi vya kuogeshea navyo visipokuwa na risiti, wafugaji wanaacha kulipa, dawa haijazwi, na watu wanaogesha ng'ombe kwa maji matupu wakidhani wanatibu.

Meneja tayari ni mhazini wa msikiti na mjumbe wa kamati ya shule. Aombe na daftari la josho. Akiingia kwenye kikao cha kwanza aulize mambo mawili: dawa iliongezwa lini mara ya mwisho, na tangu siku hiyo wameogeshwa ng'ombe wangapi. Kama hakuna mwenye jibu, mnadani asiende bado. Anunue kaunta buku, achore safu za tarehe, mwenye ng'ombe, idadi, kina cha maji na dawa iliyoongezwa, na asimame pale joshoni siku ya kuogesha mpaka ukurasa wa kwanza ujae.