Mwanariadha asome mkataba kabla ya kufunga safari

Kila mwaka vijana kutoka Eldoret na viunga vyake hufunga safari kwenda vyuo vya Marekani kwa ufadhili wa riadha. Wazazi hushangilia na walimu hujivuna, na hiyo ni haki yao. Hata hivyo, ni wachache wanaouliza chuo hicho hushindana na nani, na nani huamua. Yaliyotokea mwaka wa 2024 yanatulazimu kuuliza.

Vyuo vya huko hujiunga katika makundi ya mashindano ambayo wenyewe huyaita konferensi. Hapo zamani, makundi mengi yalifuata ujirani. Marehemu Henry Rono, mzaliwa wa Nandi, alipokuwa mwanafunzi wa Washington State, chuo chake kilikuwa katika kundi la vyuo vinane vya upande wa Pasifiki. Aprili 1978 alivunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 mjini Berkeley. Mwezi uliofuata, mjini Seattle, akavunja ile ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Vyuo vikuu vya miji hiyo miwili vilikuwa katika kundi lilo hilo.

Kundi hilo, ambalo baadaye lilifikia vyuo 12, lilisambaratika Agosti 2024. Vyuo 10 viliondoka. Kile cha Berkeley kilijiunga na kundi la vyuo vya Atlantiki, ng'ambo ya pili ya bara. Cha Seattle kikaingia katika kundi lenye mizizi katikati ya nchi. Chuo cha Rono kiliachwa na mwenzake mmoja tu, Oregon State.

Kiini cha hayo yote ni fedha za televisheni, ambazo huletwa hasa na kandanda ya Kimarekani. Mkimbiaji hakushauriwa. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Wapo watakaosema kwamba mkimbiaji haumii sana, kwa kuwa mbio za nyika hazina mechi kila wiki kama voliboli. Ni kweli. Lakini hasara si uchovu wa safari pekee. Chuo kinapopungukiwa na mapato, michezo isiyoleta fedha ndiyo hupunguzwa kwanza. Juni 2025, Washington State kilitangaza kwamba kingeondoa mashindano ya kurusha na kuruka, kipunguze mbio fupi na kutilia mkazo mbio za masafa marefu. Safari hii mkimbiaji wa aina ya Rono alinusurika. Je, mrusha mkuki?

Tena mwanafunzi mgeni ana mzigo wa ziada: viza yake humtaka asome kwa muda kamili. Timu ikivunjwa, hawezi kuacha masomo akingoja bahati nyingine.

Kwa hiyo, yafaa mwalimu aketi na mwanafunzi na mzazi kabla ya sahihi kutiwa, nao waulize bila haya. Ufadhili ni wa mwaka mmoja au wa miaka yote ya masomo? Timu ikifutwa, nani atalipa karo? Somo analolitaka kijana linafundishwa huko, au atapewa lolote lililopo? Mwenye kuleta ufadhili akishindwa kujibu kwa maandishi, kijana na asubiri. Kundi la mashindano laweza kubadilika kabla hajamaliza mwaka wa pili. Shahada aliyoitafuta ndiyo atakayorudi nayo nyumbani.