Upepo Kwenye Klachi

Nikipandisha kutoka Mombo kwenda Lushoto, klachi ilizama, gia ikakataa kuingia. Niliweka mawe magurudumuni kabla ya lolote.

Mafuta ya breki hayabonyei, lakini upepo hubonyea. Ukiingia kwenye bomba, nguvu ya mguu huishia humo.

Kuutoa ni kazi ya watu wawili. Mmoja akanyage klachi aishikilie. Mwenzake alegeze skrubu ya silinda ya chini, povu litoke, akaze, ndipo mguu uachiwe. Rudieni mpaka povu liishe, mkiongeza mafuta kwenye kopo la juu lisikauke.

Kisha tafuteni mpira unaovuja. Usipobadilishwa, upepo utarudi, na mlima hauna huruma. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.