Divai Nyekundu ya Ufaransa na Divai ya Altare



Hutokea katika parokia zetu za Mwanza, hasa siku za ndoa na jubilei, kwamba mwamini mwenye nia njema huleta wakati wa vipaji chupa ya divai nyekundu ya Ufaransa, ya bei kubwa, akitamani itumike katika Misa hiyohiyo. Paroko anapoiweka kando na kutumia divai ya sakristia, aliyeileta huondoka na uchungu moyoni. Tumeona vema kulieleza jambo hili, maana mwamini huyo hakukosea kuithamini divai hiyo. Ina urithi mrefu, na sehemu kubwa ya urithi huo ni ya Kanisa lenyewe.

Katika nchi ya Burgundy, wamonaki wa Cîteaux, monasteri iliyoanzishwa mwaka 1098, walilima mizabibu kwa karne nyingi. Shamba lao la Clos de Vougeot, lililozungushiwa ukuta wa mawe, lingalipo hadi leo. Walihitaji divai kwa ajili ya altare, kwa meza yao na kwa wageni, na kwa uvumilivu wa kimonaki walijifunza jinsi kipande kimoja cha ardhi kinavyotoa ladha tofauti na kipande jirani. Kusini zaidi, jina la divai ya Châteauneuf-du-Pape, yaani Ngome Mpya ya Papa, ni kumbukumbu ya karne ya 14, Mapapa walipokaa Avignon. Bordeaux, ambayo divai zake ziliwekwa katika madaraja mwaka 1855, ilikuzwa zaidi na wafanyabiashara wa bandarini.

Maji ya zabibu, hata zile nyeusi, kwa kawaida hayana rangi. Wekundu hutoka katika maganda yanayoachwa ndani wakati wa kuchachuka. Maganda na mbegu huleta pia ule ukakasi unaokausha ulimi, kama chai ya rangi iliyokolea mno. Divai bora ikikaa katika mapipa ya mwaloni, kisha miaka mingi ndani ya chupa, ukakasi huo hulainika. Anayenunua chupa ya namna hiyo hulipia pia miaka ya kungoja.

Urithi huo ulifika hata kwetu ziwani, ingawa kwa sura ya unyenyekevu. Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo alianza kushambulia mizizi ya mizabibu ya Ufaransa, akaangamiza mashamba mengi, na kilimo cha mizabibu kikapanuka sana Algeria. Huko Algeria ndiko Askofu Mkuu Lavigerie, Mfaransa, alikoanzisha mwaka 1868 shirika la Wamisionari wa Afrika, yaani Mapadre Weupe. Miaka 10 baadaye wana wake walifika Kageye, kusini mwa Ziwa Viktoria, na mwaka 1883 wakaanza misheni ya Bukumbi. Mizigo yao ilibebwa na wapagazi kutoka pwani, safari ya miezi. Tunaweza kuwaza jinsi chupa moja ya divai ya Misa ilivyotunzwa!

Basi Kanisa linadai nini? Kanuni ya 924 ya Sheria ya Kanisa yataka divai ya asili, itokanayo na tunda la mzabibu, isiyoharibika. Haitaji rangi wala bei. Nyekundu hutukumbusha Damu ya Kristo, lakini nyeupe ni halali vilevile, na masista wanaofua vitambaa vya altare huipenda zaidi. Hati *Redemptionis Sacramentum* ya mwaka 2004 yakataza divai iliyochanganywa na vitu vingine, na pia ile ambayo uhalisi au asili yake ina mashaka.

Hapo ndipo chupa ya bei kubwa inapokwama. Sheria za Ufaransa huruhusu, katika maeneo ya baridi kama Burgundy, kuongeza sukari wakati wa kuchachuka ili kuongeza nguvu ya kileo. Mnywaji hadhuriki, na hatusemi kwamba divai hiyo ni batili. Lakini mara nyingi maandishi ya chupani hayamwambii paroko kama sukari iliongezwa, naye hana ruhusa ya kubahatisha. Divai ya ndizi au ya rozela, hata ikitengenezwa kwa ustadi, haifai kabisa, kwa kuwa si tunda la mzabibu.

Anayependa kuchangia divai na amuulize kwanza paroko ni ipi inayotumika. Dodoma, ambako wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu inayovunwa mara mbili kwa mwaka, hutengenezwa divai maalumu ya altare. Ile chupa ya Ufaransa mpeni padre kwa meza yake. Ataipokea kwa shukrani. Nanyi watunza sakristia, chupa ikishafunguliwa msiiache wiki nyingi kabatini katika joto letu, isije ikageuka siki.